Msalimie Mama Wadha

Ibra, Jumamosi 10 Agosti

Miaka thelathini na moja nimeandika ripoti za wodi: mgonjwa kaamka saa ngapi, kala nini, kalalamika wapi. Tangu nistaafu mkono unaniwasha. Leo mume wangu Marhoun kaniambia, "Bi Radhia, ukiendelea kupita mbele ya televisheni ntakufungia jikoni. Kaa uandike kitu." Basi nimekaa.

Mgonjwa ni mwanangu Khattab, miaka ishirini na sita, beki wa kati wa Kelderby. Hana ugonjwa wowote. Mgonjwa labda ni mie.

Kelderby ni klabu ya daraja la pili huko Uingereza. Baba yake keshanieleza mpaka nimehifadhi: timu ishirini na nne, mechi arubaini na sita, na mwisho wa msimu tatu za chini zinashuka. Msimu uliopita walinusurika kwa pointi moja. Leo wametoka sare, mechi ya kwanza. Marhoun kafurahi. Mie nimehesabu mara ngapi mwanangu kaupiga mpira kwa kichwa. Mara kumi na saba. Hiyo ndiyo kazi yake, wanamlipa akiweke kichwa chake mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka mkono.

24 Agosti

Tumefungwa. Mpira kwa kichwa mara kumi na moja. Joto la mji wetu huu wa Ibra halisemeki.

31 Agosti

Reem kaja kutoka Nizwa, anasomesha huko, hurudi wikiendi. Kashika simu yake, kauliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, Kiarabu ndicho alichokulia, "Mama, kwa nini sisi bado iko group mbili? Ile ya Khattab na ile bila Khattab. Si alishaambiwa? Futa moja, khalas."

Nikamwambia amuulize baba yake. Marhoun kasema, "Liache." Katoka nje.

Niandike jambo hili, maana sijaliandika popote. Mama Wadha, dada yake mkubwa Marhoun, alifariki Sur, pwani, mwezi wa nne. Yeye ndiye aliyemlea Khattab tangu ana miaka kumi, kwa sababu Sur ndiko alikokuwa mwalimu wa mpira. Mie nilikuwa na zamu za usiku na mwana alikuwa na mguu wa kucheza, nikamtoa. Miaka yake miwili ya mwisho marehemu alipooza, hasemi. Khattab alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu ya baba yake, na kila Alkhamisi Marhoun akenda Sur kumwekea sikioni.

Alipokufa zilibaki mechi mbili za msimu. Tukamficha, ndipo tukafungua ile group bila yeye. Sisi hatumwambii msiba mtu aliye ugenini kwa simu, yuko peke yake, nani atamshika? Husubiriwa aje, akalishwe, anyweshwe maji, ndio aambiwe. Hata Bi Maram, jirani, aliyempenda Khattab kama wake, alifunga mdomo. Lakini kiangazi hakuja, alifanyiwa operesheni ya kifundo cha mguu. Mwezi wa sita Marhoun kanambia, "Nimeshamwambia. Alilia sana. Nakuomba usimgusie jambo hilo, mwache."

Sijamgusia. Naye hajalitaja. Nnaona ni majonzi.

14 Septemba

Tumefungwa. Mara tisa. Marhoun kasali magharibi wakati wa mapumziko, karudi kakuta bao la pili.

21 Septemba

Dakika ya sitini na kitu, kona. Khattab karuka, na mshambuliaji wao mmoja mrefu karuka, vichwa vikagongana. Kaanguka mikono imelegea. Najua mikono iliyolegea. Daktari wa Kelderby kakimbilia uwanjani, kampigia vidole mbele ya macho, kamuuliza maneno. Khattab kainuka, kaonyesha dole gumba, watu elfu ishirini wakampigia makofi.

"Simba huyo!" Marhoun kasema.

"Simba hana mama," nikamwambia. "Kaa kimya."

Mpira ulipoanza tena Khattab alikwenda kusimama kulinda lango la kipindi cha kwanza, ambalo sasa si lao. Mwenzake kamshika bega kamgeuza. Hakuna aliyeona. Marhoun hakuona. Mie nimeona.

Nimempigia baada ya mechi. "Mzima, mama, alhamdulillahi. Kidogo tu."

"Umetapika?"

"Mama!"

"Umetapika, nakuuliza."

"Sijatapika. Nimelala zangu tu hapa gizani, nnapumzika."

Huko jua lilikuwa halijatua. Kafunga mapazia. Nikamwuliza mwangaza unamuumiza, kacheka, kanambia nenda kalale, muuguzi mkuu. Sikucheka.

5 Oktoba

Tumeshinda, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa Nizwa kwa Reem, nimeangalia kwenye simu yake, picha inakatika katika. Nimekula makomamanga ya Jabal Akhdhar mpaka vidole vimekuwa vyeusi, kwa hofu tu, si kwa hamu. Mara kumi na nne.

26 Oktoba

Tumefungwa. Wa ishirini katika jedwali. Wa ishirini na mbili ndio anaanza kushuka.

9 Novemba

Tena. Safari hii ni kipa wao wenyewe, katoka kuupiga mpira kwa ngumi, ngumi imempata Khattab nyuma ya sikio. Wamemtoa nje. Alipopita mbele ya kamera alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa upande mmoja limekwenda juu zaidi kuliko la pili. Au ni mie nnaliona hivyo. Nimelitazama mara nne, Reem kanipokonya simu.

"Mzima, alhamdulillahi," kasema Khattab kwenye simu.

12 Novemba, Jumanne

Simu ya Marhoun imeanguka jana kwenye falaji, mfereji wa maji ya shamba, imekufa. Adhuhuri leo simu yangu imelia, ujumbe wa sauti wa Khattab. Nnauandika kama ulivyo.

"Mama, simu ya Baba haipatikani, kuna nini? Mwambie anipigie. Na msalimie Mama Wadha, mwambie asinune, sauti yake ntamtumia kesho Baba akipata simu."

Nimekaa chini jikoni. Wali umeungua, sikuinuka.

Mama Wadha yuko kaburini miezi saba. Mwanangu aliambiwa, akalia. Na sasa hakumbuki.

Nimewauguza watu wa namna hii. Mmoja, kijana wa Al Qabil aliyeanguka na pikipiki, alikuwa akimuuliza mkewe kila asubuhi baba yake yuko wapi, na kila asubuhi akaambiwa amekufa, na kila asubuhi akalia upya. Anajua sala zake zote, anajua namba ya gari yake. Pahala pamoja tu ndipo palipotoboka.

15 Novemba

Sikumwambia Marhoun. Ana presha, na daktari wake kashaniasa. Nimemwambia Reem peke yake. Reem kasema, "Mama, labda mdomo yake iliteleza tu." Basi nikasema ntampima.

Nimempigia, nikajitia kuzungumza. Nikamwuliza tarehe, nikamwuliza wanacheza na nani wiki ijayo, nikamwuliza jina la yule mwalimu wa darasa la tatu aliyekuwa akimchapa. Vyote kavijibu, tena kwa utani. Nikaanza kupumua. Nikamwuliza, "Unamkumbuka Mama Wadha?"

"Swali gani hilo, mama? Vipi hali yake? Bado hasemi?"

Wodini tulifunzwa: mgonjwa aliyechanganyikiwa usibishane naye, utamtia fadhaa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hajambo."

Nimemwambia mwanangu kuwa maiti hajambo. Astaghfirullah.

23 Novemba

Kacheza dakika zote. Mara ishirini na moja. Kila mara nimefumba macho, kwa hivyo labda zaidi.

30 Novemba

Marhoun kaniuliza kwa nini sili. Nikamwambia meno.

3 Desemba

Nimefanya. Reem kanitafutia anwani ya daktari wa klabu na ameniandikia barua kwa Kiingereza, mie nnasema kwa simu, yeye anaandika. Nimejitambulisha: mama yake, na muuguzi mstaafu. Nimeeleza lango la upande usio wake, mapazia, na mwisho nimesema: mwanangu amesahau kifo cha mwanamke aliyemlea, anamtumia salamu kama yu hai.

Reem kauliza, "Khattab akijua wewe umeandika?"

"Anichukie. Achukie akiwa na akili zake timamu."

7 Desemba

Hakucheza. Hata kwenye benchi hayumo. Marhoun anapiga simu huku na huku, anauliza kaumia nini. Nimejifanya sijui. Nimelala usingizi wa kwanza tangu Septemba.

12 Desemba, Alkhamisi

Nitaandika mpaka wino wa kalamu uishe.

Saa nane mchana. Marhoun alikuwa kashavaa, yuko tayari kwenda Sur kama kila Alkhamisi, kuangalia nyumba ya marehemu, husema. Simu yangu ikalia. Khattab. Hakunisalimia. Mwanangu hajaacha shikamoo tangu alipoanza kusema.

"Mama. Mama Wadha amekufa?"

Nikaona ndio yale ya kijana wa pikipiki. Nikamjibu taratibu, kwa sauti ya wodi, "Khattab, mwanangu, wewe unajua. Baba alikwambia. Mwezi wa sita."

"Baba hakunambia kitu."

"Umesahau, baba yangu. Si kosa lako. Ni kichwa."

"Mama, sikiliza. Sikiliza! Nimekaa wiki nzima wananipima. Wamenitia kwenye mashine. Leo daktari kanikalisha, kuna mwenzake wa pili anaandika, kanambia kwa upole kabisa, tungependa kujua unakumbuka nini kuhusu kifo cha shangazi yako. Nikamwambia shangazi yangu hajafa. Wakatazamana. Wakaandika. Nikasema hajafa, nimempelekea sauti juzi. Wakaandika tena. Mama, mie nimemlilia Mama Wadha mbele ya watu wawili nisiowajua, na wao wanatazama saa wanapima nimelia muda gani."

Nikageuka. Marhoun alikuwa kasimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Alikuwa kasikia. Sijapata kumuona mtu mzima akipungua vile, mabega yanashuka, uso unashuka.

"Baba Khattab," nikamwambia. "Ulimwambia au hukumwambia?"

Kaugeuza ufunguo mkononi, kautazama.

"Ulimwambia?"

"Nilipiga simu nimwambie," kasema. "Ile siku alitoka kwenye operesheni. Kaniuliza, Mama Wadha hajambo? Ulimi ukasema hajambo. Basi kesho yake nikashindwa kuurudisha."

Khattab alikuwa anasikia yote. Kasema, "Na wewe, mama? Mwezi uliopita nilikuuliza mwenyewe." Kakata.

Marhoun kanichukua mpaka kwenye gari. Kaiwasha, kanisikilizisha. Simu yake mpya, jumbe za zamani zimerudi zote, inaungana na spika za gari. Sauti ya Khattab: "Mama Wadha, leo kumenyesha barafu, ungeniona ungecheka." "Mama Wadha, leo tumeshinda, nilikuombea dua." Wiki kwa wiki, tangu mwezi wa nne, anazungumza na kaburi. Na Marhoun kila Alkhamisi anaondoka hapa, anasema nakwenda Sur. Hafiki Sur. Anafika Al Qabil, njiani tu, anasimama penye kituo cha petroli, anasikiliza, anakunywa chai, anarudi. Tangu siku ya maziko hajakanyaga Sur.

Nilikuwa nataka kumpiga. Wallahi nilikuwa nataka kumpiga. Nikalia nae.

14 Desemba

Khattab hapokei simu. Ya baba yake wala yangu.

26 Desemba

Wamemrudisha uwanjani. Kwa nini wasimrudishe? Vipimo vizuri, mashine haikuonyesha kitu, na kile kilichowashtua ni uongo wa wazee wake. Mara kumi na tisa.

1 Januari

Tumefungwa. Wa ishirini na mbili. Reem kamtumia salamu za mwaka mpya, kajibiwa dole gumba.

18 Januari

Nimemtumia ujumbe wa sauti, nimeomba radhi. Nikaufuta. Nikautuma mwengine. Amesikiliza, sijajibiwa.

Zamani alikuwa ananidanganya kuwa mzima, na mie nikiusikia uongo wake naweza kuupima: sauti nzito, sauti nyepesi, kafunga mapazia, hakufunga. Sasa sina hata uongo. Nnamuona Jumamosi tu, mdogo kwenye kioo, kama watu wengine wote wanavyomuona.

8 Februari

Mara ishirini na nne. Anaruka kwa mipira isiyokuwa yake. Mtangazaji kasema huyu kijana hana woga. Marhoun hakusema simba. Siku hizi anaangalia mechi kasimama mlangoni, hakai.

22 Februari

Kapiga pasi, kampa adui. Wamefungwa kwa hiyo. Amesimama anatazama mikono yake.

8 Machi

Ramadhani. Tumefuturu upesi upesi, mpira saa moja. Sambusa zilikuwa bado mezani.

Dakika ya thelathini mpira umempiga kipajini kutoka karibu, mpira tu, si mtu, si ngumi. Hakuanguka. Kaenda taratibu mpaka kwenye mti wa goli, kaushika, kaegemea. Kona inapigwa, wenzake wanapiga kelele, yeye kashika mti wa goli kama mtu aliye ndani ya chombo kinachoyumba. Halafu kainama, kajifuta mdomo na fulana.

"Katapika," nikasema.

"Labda swaumu," kasema Marhoun, lakini hakuwa anaamini.

Daktari hakuingia. Mpira ulikuwa unaendelea upande wa pili.

9 Machi

Nimemwandikia daktari tena. Nimemwambia dakika, nimemwambia mti wa goli.

13 Machi

Wamenijibu kwa adabu kubwa. Mchezaji amepimwa, hana dalili, na wangependa mambo ya kifamilia yasuluhishwe ndani ya familia. Ndio hivyo. Nimewapelekea ugonjwa wa uongo nikaaminiwa, nimewapelekea ukweli hawautaki. Nisingewalaumu. Mie mwenyewe ningekuwa muuguzi wa zamu ningeandika pembeni: mama ana wasiwasi mwingi.

31 Machi, Idi

Nyumba imejaa watu, nimetabasamu mpaka mashavu yanauma. Kila mtu anauliza Khattab hajambo? Hajambo, nnasema. Hajambo, hajambo. Rawya, binti wa ndugu yangu, kauliza atakuja lini. Nikenda kujifungia msalani.

5 Aprili

Wameshinda. Pointi tatu juu ya mstari. Mara kumi na tano.

16 Aprili, Jumatano

Nilikuwa soko la wanawake. Saa tano asubuhi, nimeinama kwenye udi wa Bi Maram, ananiapia ni wa kweli na mie nnamwambia ni kuni tu. Simu. Khattab. Miezi minne.

"Shikamoo, mama."

Nikakaa juu ya marobota ya vitambaa, mwenye vitambaa kapiga kelele, nikamwonyesha mkono anyamaze.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nnataka kumwuliza muuguzi. Simwulizi mama. Unaweza?"

"Uliza."

Kavuta pumzi. Jana asubuhi alitoka kwake kwenda mazoezini, mwendo wa dakika kumi. Akajikuta amesimama mbele ya nyumba aliyokuwa akikaa katika mji mwengine, enzi za klabu yake ya zamani, ufunguo ameutia kwenye mlango wa watu na mlango haufunguki. Amekaa akiuzungusha. Mwanamke mwenye mtoto kamfungulia, kaogopa. Safari ya saa moja na nusu ile, na yeye haikumbuki hata kona moja ya njia.

"Kichwa kinaniuma tangu Novemba," kasema. "Kila siku. Maswali yao nimeyahifadhi, mama. Wanauliza maneno yale yale, wanakwambia yataje kinyumenyume, nimeyahifadhi kama juzuu. Nimelipita kila jaribio."

Nilikuwa nimeogopa jambo hili tangu Agosti, na nilikuwa nafikiri siku nikilisikia ntapiga ukelele. Nikamwuliza maswali ya wodi, moja moja, kanijibu moja moja, bila utani.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Garini. Nje ya uwanja wa mazoezi. Mama, zimebaki mechi nne tu. Nikisema, nimetoka. Labda moja kwa moja. Tukishuka watasema ni mie. Nisubiri nne hizi? Mpira mmoja mmoja, sirukii yote?"

Mwenye vitambaa alikuwa anasikiliza, na Bi Maram kaacha udi. Ningetaka kumwambia lile analotaka kulisikia. Ulimi ulikuwa unalijua, umelizoea.

"Kwa kichwa hicho," nikamwambia, "mpira mmoja unaweza kukuua. Sijui kama utakuua. Najua unaweza. Nimewafunika wawili mie mwenyewe, kwa mikono hii, waliokuwa wanacheka asubuhi."

Nikafikiri kakata.

"Daktari keshafika?" nikamwuliza.

"Gari yake naiona."

"Basi nenda. Usikate simu. Itie mfukoni uende."

Kaitia. Nikasikia mlango wa gari, nikasikia kokoto, nguo inasugua spika. Mtu kamsalimia kwa Kiingereza, kajibu. Mlango. Mlango wa pili. Soko zima lilikuwa linapiga kelele pembezoni mwangu, mwanamke mmoja anauliza bei ya bukhuri mara tatu, nikajiziba sikio la pili. Nikasikia sauti ya mwanangu, Kiingereza chake cha taratibu. Sijui Kiingereza kingi, lakini "kichwa" najua, na "Novemba" najua, na "nilisema uongo" nilimsikia akisema mara mbili. Halafu kiti kikavutwa. Halafu mwanamume mwengine akasema neno moja, taratibu, na Khattab akaanza kulia.

Bi Maram kanishika mkono. Kanambia, "Radhia, nani kafa?"

"Hakufa mtu," nikamwambia. "Bado."

21 Aprili

Madaktari watatu. Kichwa hakitogusa mpira tena, msimu huu wala mwengine. Yatakayorudi yatarudi, na yasiyorudi hawajui. Nilimwuliza Khattab aniambie neno kwa neno walivyosema, kaniambia neno kwa neno. "Hawajui, mama. Wamesema hawajui." Nimeliandika mara mbili nisije nikajidanganya.

Wamefungwa leo bila yeye.

3 Mei, Jumamosi

Siku ya mwisho. Mpira saa tisa na nusu mchana, alasiri tumesali kwanza. Wanahitaji sare. Dakika ya themanini na nane, kona, mpira umekuja pale pale anaposimama yeye, na pale hapakuwa na mtu. Kelderby wameshuka.

Kamera ikamtafuta jukwaani. Kavaa miwani myeusi, kainamisha kichwa, mtu wa nyuma yake anamfokea na yeye hageuki. Marhoun kaizima televisheni kwa mkono.

9 Mei, Ijumaa

Kafika jana. Uwanja wa ndege alitutazama kidogo kabla ya kuja, na katika kidogo kile nilikufa nikafufuka. Kaniamkia, kambusu baba yake mkono. Hawajasemezana wao wawili tangu Desemba. Garini kauliza jina la barabara aliyoipita maisha yake yote. Nikamjibu kama kwamba ni jambo la kawaida kuuliza.

Leo asubuhi, chai haijanywewa, kasema, "Baba, nipeleke kwa Mama Wadha."

Tumetoka watatu. Al Qabil Marhoun hakusimama. Penye kituo cha petroli alishika usukani kwa mikono miwili, kapita. Sur tumefika kabla ya sala ya Ijumaa, jua limeshakuwa kali. Mie nimebaki garini kando ya ukuta wa makaburi, kioo nimekiteremsha. Wanawake hatuingii.

Makaburi yetu hayana majina. Mwanamume mawe mawili, mwanamke matatu, basi, na mchanga. Mwaka mzima umepita, na watu hawajaacha kufa. Nimewaona wakienda safu ya kwanza, ya pili. Marhoun mbele, kanzu yake imemganda mgongoni. Kasimama. Karudi nyuma hatua tatu. Kasimama tena baina ya makaburi mawili ya mawe matatu matatu, yamefanana kabisa.

"Ni hili, baba?" Khattab kauliza. Walikuwa karibu na ukuta, nilisikia kila neno. "Au lile?"

Namjua mume wangu. Kunyoosha kidole popote pale kungetosha. Khattab angeamini, sote tungerudi nyumbani mioyo imetulia, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilimuona mkono umeanza kuinuka. Moyo ulinienda mbio kuliko kona yoyote ya msimu huu.

Mkono ukashuka.

"Sijui," kasema Marhoun. "Nilimzika nikakimbia. Sijui ni lipi, mwanangu."

Khattab kavua miwani, jua lile lote machoni. Kakaa chini mchangani baina ya makaburi mawili, kamvuta baba yake kanzu, naye kakaa. Wakawasomea dua maiti wote wawili.